Aliyeitika kwa Jina la Mizue

Mambo yaliharibika Jumapili ya tarehe tatu Novemba, Siku ya Utamaduni, mchana kweupe, ndani ya ukumbi wa mji wa Kamisawa. Asubuhi ya siku hiyo Iwabuchi Tokuji aliamka akiwa mgane wa kawaida, mchimba makaa mstaafu mwenye kifua kinachokoroma na figili zinazokauka barazani. Jioni alirudi nyumbani akiwa kitu ambacho watu wa Kamisawa hawakuwa na jina lake. Na kitu kisicho na jina, watu hukitafutia la matusi.

Ukitaka kusema kweli, chanzo ni wakubwa. Mkutano wa washairi ulikuwa ukifanyika kila mwaka mjini Asahino, mbali huko, na haukumsumbua mtu. Lakini ofisi ya mji wa Kamisawa ilifilisika akili kabla haijafilisika fedha. Wenye mgodi waliufunga mgodi wakaondoka na magari yao, shule ikafungwa, hospitali ikabaki na daktari wa kuazima, siku mbili kwa wiki. Basi wakubwa wakakaa kikao, wakanywa chai, wakatoka na dawa: mashairi. Washairi waje Kamisawa, na shairi litakaloshinda lichongwe kwenye jiwe kubwa mbele ya mdomo wa mgodi wa zamani, watalii waje wapige picha. Watalii! Hata kunguru wa Kamisawa walishahama.

Washairi wale wana desturi yao. Kila mmoja huandika shairi lake fupi kwenye kipande cha karatasi, bila jina. Vipande vinachanganywa, vinagawiwa, na kila mtu ananakili vya wenzake, ili mwandiko usimtoe mtu. Kisha kila mmoja anachagua anayoyapenda, msomaji anayasoma yaliyochaguliwa, mwalimu anayachambua, na hapo, hapo tu, msomaji anauliza, "Nani?" Mwenye shairi anataja jina lake la ushairi kutoka alipoketi. Neno moja, kwa sauti, basi. Wale wanaotuma kwa posta hutajiwa na katibu.

Tokuji alikuwa wa posta. Kwa miaka mingi, tangu mkewe Fusae afariki, alikuwa akituma mashairi Asahino kwa jina la Mizue, na Kamisawa nzima haikujua. Kule Asahino, Mwalimu Hatanaka, mwenyekiti wa chama, alimjua Bi Mizue kuwa mjane wa mchimba makaa, mwanamke wa makamo, mpole, mpweke. Hatanaka alikuwa meneja wa benki kabla ya kustaafu, na mashairi aliyasoma kama hundi: anainua juu kwenye mwanga, anatafuta sahihi ya uongo. Ya Mizue hakuyatilia shaka hata siku moja. Kila mwaka mpya alimtumia kadi ya salamu: "Bi Mizue, endelea kutuonyesha moyo wa mwanamke." Tokuji alizipanga kadi hizo ukutani, juu ya jiko la mafuta, akazisoma mpaka moshi ukazigeuza rangi.

Siku ile alikwenda ukumbini kusikiliza tu. Alitaka kumsikia Mizue akisomwa kwa sauti ya mtu, mara moja kabla hajafa. Aliketi nyuma kabisa na rafiki yake Umekichi, aliyechimba naye makaa kwenye shimo moja tangu ujana. Umekichi alikuwa amefuata chakula cha bure.

"Hawa wanaandika maneno kumi kisha wanalia nusu saa," Umekichi alinong'ona huku akitafuna. "Sisi tulichimba tani na hakuna aliyetulilia."

"Nyamaza usikie."

Msomaji, binti mwenye sauti safi kama maji ya mlimani, akasimama akasoma lililochaguliwa na wengi kuliko yote:

*Mvua ya vuli.*
*Kioo kinanipa mwanamke,*
*kinaniomba ninyamaze.*

Mwalimu Hatanaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ndugu zangu," alisema, "shairi hili mwanamume hawezi kuliandika, hata mkimpa miaka mia. Ni mjane. Amejitazama kwenye kioo siku ya mvua, akamwona bibi harusi aliyekuwa yeye zamani. Huo ukimya ni adabu ya mwanamke wa kizazi kile. Maneno haya yametoka tumboni, pale wanapokaa watoto."

Watu wakaitikia kwa kichwa. Msomaji akauliza, kama desturi ilivyo, "Nani?"

Katibu alikuwa anafunua karatasi zake ataje jina. Hakuwahi.

Hapa ni lazima mtu aelewe habari ya mgodi. Zamu ilipotoka shimoni, msimamizi alisimama kwenye chumba cha taa akaita majina. Aliyechelewa kuitika alihesabiwa kuwa amebaki chini, na wenzake walirudishwa kumtafuta. Mwaka ule wa mlipuko, wakubwa walipoamua kulijaza shimo maji ili kuzima moto, watu wakiwa bado ndani, majina yaliendelea kuitwa mpaka sauti ya msimamizi ikapotea. Tangu hapo hakuna mchimba makaa wa Kamisawa aliyeweza kusikia akiulizwa, akakaa kimya. Mdomo hujibu wenyewe. Ni kama mkono na moto.

"Mizue!" Tokuji akaitika, kwa sauti yake ile nene iliyojaa vumbi la makaa.

Vichwa vyote vikageuka. Mwanzo walidhani mzee kalewa. Kicheko kikaanzia mbele, kikaja nyuma kama wimbi la vumbi.

"Babu, hapo siyo upande wa kina mama!" mtu akapaza sauti.

Umekichi alimvuta koti. "Kaa chini wewe! Sake imekupanda?"

"Sijanywa."

"Basi ungekunywa, tungepata la kusema!"

Mwalimu Hatanaka hakucheka. Alikuwa amekwisha kuielewa sauti ile. Uso wake ulikuwa wa meneja anayeambiwa noti zote alizozipokea maisha yake ni bandia. "Mzee," aliuliza polepole, "wewe ni nani wake Bi Mizue?"

Angesema kaka. Angesema jirani aliyetumwa. Maneno yalikuwepo, mengi tu.

"Ndimi," Tokuji alisema.

Na maji yakimwagika hayazoleki.

*

Kwa kweli Mizue hakuwa hila. Katika ujana wake Tokuji alijiunga na kikundi cha mashairi cha wachimbaji, kilichoongozwa na wasimamizi. Waliambiwa waandike jasho, misuli, bendera ya chama cha wafanyakazi. Ya Tokuji yalitoka mabovu, kama makaa yaliyolowa: moshi mwingi, moto hakuna. Siku pekee alipokuwa na uhai ni sherehe ya mwisho wa mwaka, wanaume walipovishwa kimono za kike, wakapakwa midomo, wakacheza ngoma watu wavunjike mbavu. Kila mwaka walimchagua yeye. Kila mwaka Fusae, mkewe, aliyekuwa mwenye sauti kubwa na mikono ya nguvu ya kuchambulia makaa, alicheka kuliko wote. Muziki ukiisha, wengine walikimbilia kunawa. Tokuji alichelewa kunawa. Basi, hilo tu. Mtu mzima ana mke, ana mtoto, ana zamu ya alfajiri. Nani atamuuliza kwa nini amechelewa kunawa?

Fusae alipokufa, majira ya baridi ya kwanza, Tokuji alitoa kimono cha buluu cha mkewe kwenye sanduku akakivaa. Akajifunga obi, ule mkanda mpana, mwenyewe, kwa kuhangaika. Kisha akaketi mezani akaandika:

*Theluji ya kwanza.*
*Obi nimejifunga*
*bila wa kumwita.*

Shairi likasimama kwa miguu yake. Lilikuwa la kwanza. Na aliyelisema hakuwa Fusae, maana Fusae alikuwa mfupi na mwenye makelele. Huyu alikuwa mrefu wa shingo, mtaratibu, mwenye kusikiliza. Tokuji alimtambua mara moja, kama unavyomtambua mtu mliyepishana naye mlangoni miaka yote bila kusalimiana. Hakujifanya mwanamke ili aandike. Aliandika, na mkono ukamjulisha ni nani aliyeushika.

*

Baada ya Siku ya Utamaduni, Kamisawa ilipata kazi ya kufanya, kwa mara ya kwanza tangu mgodi ufungwe. Kwenye nyumba ya kuogea ya umma, pazia la wanaume ni la buluu na la wanawake ni jekundu. Mwenye nyumba, aliyewahi kuwa chini ya Tokuji shimoni, alimngoja mlangoni. "Leo unapitia wapi, Bi Mizue?" Wateja wakacheka mpaka wakakohoa. Tokuji alipita kwenye la buluu kama siku zote. Alipoingia majini, wengine walitoka, mmoja mmoja, bila haraka, kila mtu akidai amekumbuka jambo. Mara ya tatu mwenye nyumba akamwambia kwa sauti ya chini, "Kaka Tokuji, mimi sina neno. Lakini wateja. Ukiwa unakuja kabla hatujafungua..." Tokuji akaacha kwenda. Akawa anajipangusa kwa kitambaa jikoni.

Siku moja ya theluji Mwalimu Hatanaka akaja mwenyewe kutoka Asahino. Alipiga magoti mbele ya madhabahu ndogo ya nyumbani yenye picha ya Fusae, akawasha ubani, akagonga kengele, akasali kwa muda mrefu kupita kiasi kwa mtu asiyemjua marehemu. Chai hakuigusa.

"Marehemu mkeo," alianza, "alifanya kazi mgodini?"

"Kwenye mkanda wa kuchambulia makaa. Mpaka mlipoufunga."

"Mimi sikuufunga mgodi, Mzee Iwabuchi."

"Benki yako ilikata mkopo."

Hatanaka akameza hilo. "Tuyaache. Jiwe limekwisha kuagizwa. Ofisi ya mji imetangaza. Wanasubiri jina la kuchonga, na hawawezi kuchonga... hili lililotokea. Lakini kuna njia. Mashairi ni ya mkeo. Aliyaandika akiwa hai, akayaacha, wewe kwa majonzi ukayatuma kwa jina alilojipa. Siku ile ukumbini uliitika kwa niaba yake. Kila mtu ataelewa. Watu watalia."

"Huo ni uongo."

"Siyo uongo. Ni kuupanga ukweli vizuri."

Tokuji aliitazama picha ya Fusae. "Na nikikataa?"

"Nitalazimika kuandika kwenye jarida letu kwamba tulidanganywa. Mashairi yote ya Mizue yatafutwa, hayataingia kwenye kitabu cha chama. Kwenye jiwe litachongwa shairi lingine." Akakohoa kidogo. "Nina moja langu. Siyo baya."

"Mwalimu," Tokuji alisema, "nikuulize. Shairi lile ulilisifu. Neno gani limebadilika tangu siku ile?"

Hatanaka alinyanyuka, akavaa viatu vyake mlangoni kwa taabu. Akiwa ameinama alisema, "Hakuna." Kisha akafungua mwavuli akaenda zake.

Ndivyo walivyo. Watakukubalia mlangoni, wakiwa wameshavaa viatu.

*

Kazumi, binti yake wa pekee, alikuja wiki iliyofuata. Mumewe alikuwa naibu mkuu wa shule kule Asahino, na mambo ya Kamisawa yalikuwa yamemtangulia kufika huko. Aliweka mfuko wa machenza mezani, koti hakuvua.

"Baba, sema ni ya mama."

"Mama yako hakuandika hata mstari. Alisema mashairi ni kazi ya watu wasio na nguo za kufua."

"Basi afanye kazi moja ya mwisho. Atakukatalia? Amekufa."

"Ndiyo maana. Hawezi kukataa."

"Na mimi je? Mwanangu anaitwa mjukuu wa bibi mwenye ndevu. Mume wangu anaingia ofisini, watu wananyamaza. Ulikuwa unafanya nini humu ndani, Baba? Ulikuwa unavaa?"

"Nilikuwa naandika."

"Sikukuuliza hilo."

Jiko la mafuta liliguruma. Tokuji akasema, "Ndiyo. Nilikuwa navaa."

"Nini?"

"Kile cha buluu."

Kazumi alichukua chenza, akaanza kulimenya, akaliacha. "Kile cha buluu nilikuomba siku ya msiba. Ukaniambia kimeliwa na nondo."

Yapo mambo ambayo mtu akiyakubali anapata nafuu. Hili halikuwa mojawapo.

"Utasema ni ya mama," Kazumi alisema akisimama, "na kimono utanipa. Ndipo nitakuja tena. Ukikataa, Baba, nitakuzika siku ikifika, kwa sababu hakuna mwingine wa kukuzika. Lakini hai hatutaonana."

Tokuji alibaki na machenza. Majira yote ya baridi alilipima jambo lile. Akikataa, Mizue atafutwa neno kwa neno, kana kwamba hakupata kuketi kwenye meza hii. Akikubali, maneno ya Mizue yatabaki kwenye jiwe ambalo mvua haiwezi kulifuta upesi, ila yeye mwenyewe hatakuwa amewahi kuwepo. Kipi ni kifo kidogo? Alimuuliza Umekichi.

"Mimi nadhani," Umekichi alisema, akihema kama kiriba kilichotoboka, "mtu akifukiwa, bora koleo lake lionekane. Angalau watajua pa kuchimba."

"Wataandika koleo ni la mtu mwingine."

"Eh. Hapo tena sijui." Akanywa chai yake. "Ila Tokuji, nikuambie kitu? Kwenye zile sherehe ulikuwa unacheza vizuri sana. Tulicheka, lakini ulikuwa unacheza vizuri."

Umekichi alikufa mwezi wa pili, mapafu yakiwa meusi kama lami. Ofisi ya mji ilituma shada la maua, la ukubwa ule ule inalompa kila mtu.

Mwezi wa tatu, theluji ikianza kuoza kando ya barabara, Tokuji alimpigia simu Mwalimu Hatanaka. "Chonga," alisema. "La mke wangu."

*

Jiwe lilifunuliwa mwezi wa tano, maua ya cheri yakiwa yamechanua, maana kule kaskazini huchelewa. Mkuu wa mji alisema sana kuhusu wanawake wa makaa, mashujaa wasioimbwa. Huyu ndiye aliyeondoa basi lililowapeleka wanawake hao hospitali. Binti mwenye sauti safi alisoma shairi. Chini yake, kwenye jiwe, herufi zilikatwa kwa kina: Iwabuchi Fusae. Hakuna mahali palipoandikwa Mizue. Wakubwa waliona jina la pili litawachanganya watalii.

Wakamwomba mgane aseme machache. Tokuji alisimama mbele ya jiwe na suti yake ya misiba.

"Fusae," alisema, "alikuwa na mikono ya nguvu."

Wanawake waliokuwa mstari wa mbele walitoa vitambaa wakafuta machozi, na mwenye nyumba ya kuogea, akiwa amelia kweli, alikuja akamshika bega. "Kaka Tokuji, ungetuambia mapema! Njoo uoge jioni. Saa yoyote."

Tokuji alikuwa amejaribu kuandika tangu siku ile ya simu. Kila alipoanza, mtaratibu yule mwenye shingo ndefu hakuja. Aliyekuja kuketi mkabala naye ni Fusae, amefunga mikono, mwenye hasira ya mtu aliyevishwa nguo isiyo yake mbele za watu. Akaweka kalamu. Mwishowe akazibandua zile kadi za mwaka mpya ukutani. Pakabaki miraba myeupe, safi.

Kazumi alimrudisha nyumbani kwa gari, akavua koti, akapika mchuzi wa miso. Moyo wake ulikuwa mwepesi siku hiyo. Hata alimtania baba yake kwa soksi zisizofanana. Walikula. Kisha Tokuji akaleta kile cha buluu, kimefungwa kwenye karatasi, akakiweka mbele ya bintiye kwa mikono miwili.

"Hakikuliwa na nondo," alisema.

"Naona."

Kazumi alikitandaza juu ya mkeka akikague kabla ya kukikunja. Alipitisha kiganja kwenye mkono wa kimono, kwenye pindo, kama wanawake wanavyofanya dukani. Kiganja kikasimama. Akageuza pindo ndani nje, akasogea dirishani penye mwanga.

"Baba. Hiki kimefumuliwa kikaongezwa. Pindo, na mikono pia. Kitambaa kilichokunjiwa ndani chote kimetolewa."

"Mimi sijui kushona."

"Najua hujui. Huu ni mshono wa mama. Alishona kwa mkono wa kushoto, tazama unavyolala." Alikishika kimono mabegani, akajipimia. Yeye alikuwa mrefu, mrefu kama baba yake. Kila mtu alisema hivyo tangu akiwa msichana. Kilimtosha vizuri. Kisha akakinyoosha hewani kuelekea alipoketi mzee, akakiangalia, akamwangalia.

"Alikuahidi wewe," Tokuji alisema haraka. "Atakuwa alikuongezea wewe."

"Hakuwahi kuniahidi. Ni mimi niliyekiomba, siku ya msiba. Na wewe, ulipokivaa mara ya kwanza, hukushangaa kwamba kinakutosha?"

Majira ya baridi yale yote alikuwa amehangaika na obi, na ukimya, na haya yake. Kimono chenyewe kilikaa mwilini kama maji, naye hakupata kukifikiria. Alimtazama Fusae kwenye picha, yule mfupi mwenye makelele aliyecheka kuliko wote.

Kazumi alikuwa bado amekiinua.

"Baba," alisema, "mama alikirefusha kwa ajili ya nani?"